Majani ya mlonge na rangi ya zambarau: jaribio la antioksidanti linapima nini?

Kopo la unga wa mlonge likiandikwa kwamba lina "antioksidanti nyingi", yaani vitu vinavyozima molekuli korofi ziitwazo radikali huru, mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna jaribio moja la nusu saa linalotegemea kubadilika kwa rangi. Nimelifanya jaribio hilo mara nyingi kwa majani ya mlonge, ambao watu wengine wa pwani huuita mzunze, na ninaliheshimu. Ninachokipinga ni kulibebesha mzigo usio wake.

Kemikali tunayoitumia ina jina refu mno, kwa hiyo maabara tunaiita kwa herufi zake tu, DPPH. Molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na kwa kawaida kitu cha namna hiyo, yaani radikali huru, hakidumu hata kikapimwa kwa utulivu. Lakini DPPH hudumu, na ndiyo maana mwaka 1958 Marsden Blois alionyesha kwamba inafaa kwa kazi hii. Ikiyeyushwa katika methanoli hutoa rangi iliyokolea kama ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Ikikutana na kitu kilicho tayari kuipa elektroni au atomu ya haidrojeni, hutulia, na rangi hufifia hadi kuwa njano. Kasi na kiasi cha kufifia huko ndicho tunachokisoma.

Kabla ya kufika hapo, hata hivyo, kuna kazi ambayo wengi huipita haraka, nayo ndiyo huamua matokeo. Tawi lenye maua au maganda lazima litambuliwe na mtaalamu wa mimea na kuhifadhiwa, kwa sababu jina la kienyeji peke yake si kitambulisho. Majani huyakausha kivulini, penye hewa, kwani jua kali huharibu baadhi ya viambato tunavyovitafuta. Kisha huja suala la kiyeyusho: mchanganyiko wa ethanoli na maji hauchomoi vitu vilevile ambavyo maji ya moto peke yake huchomoa, na mgonjwa nyumbani hachemshi majani kwa ethanoli. Kwa sababu hiyo huwa natayarisha dondoo mbili, moja ya kiyeyusho cha maabara na nyingine ya maji, yaliyochemshwa kama mama wa nyumbani anavyochemsha.

DPPH yenyewe huipima miligramu 3.94 na kuiyeyusha katika mililita 100 za methanoli, kisha huiweka gizani kwa kuwa mwanga huidhoofisha. Kila mrija hupata kiasi sawa cha DPPH na kiwango tofauti cha dondoo, kuanzia chepesi hadi kizito. Mrija mmoja hupata kiyeyusho kitupu, na mirija mingine hupata vitamini C kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya dakika 30 gizani, spektrofotomita husoma mwanga uliofyonzwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Tuseme mrija usio na dondoo umesoma 0.920 na wenye dondoo 0.230: robo tatu ya zambarau imetoweka, yaani asilimia 75. Kutokana na mfululizo huo tunakadiria kiasi cha dondoo kinachotosha kuzima nusu ya DPPH. Kiasi hicho kikiwa kidogo, dondoo ina nguvu zaidi. Wanafunzi hupenda kuligeuza hili, nami sishangai, maana tumezoea kwamba namba kubwa ndiyo bora.

Nilipoanza kazi hii nilipata mchoro wa ajabu: dondoo ya maji ilizidi kufanya kazi kadiri nilivyoiongeza, halafu kwenye viwango vizito zaidi ikaanza kurudi nyuma. Nilikesha nikitafuta maelezo ya kikemia, hadi fundi wa maabara aliponiambia niinue mirija dirishani. Mirija ya mwisho ilikuwa na ukungu. Majani ya mlonge yana protini nyingi, na protini iliyoyeyuka katika maji hugandamana inapokutana na methanoli. Ukungu huo hutawanya mwanga, na mashine, ambayo haina macho, huuhesabu kama zambarau iliyobaki. Tangu siku hiyo kila kiwango cha dondoo huwa na mrija wake wa pembeni usio na DPPH, ili rangi na ukungu wa dondoo yenyewe viondolewe kwenye hesabu, na chochote chenye ukungu huzungushwa kwanza kwenye mashine ya kutenganisha mashapo.

Kipimo cha pili tunachokitumia sana, cha Folin-Ciocalteu, hugeuka buluu na huripotiwa kama jumla ya fenoli, yaani kundi la viambato vya mimea ambavyo vingi ni antioksidanti, kwa kulinganishwa na asidi ya galiki. Jina hilo linapotosha kidogo. Kitendanishi hicho hakibagui: vitamini C hukigeuza buluu, na hata protini pia. Kwa mlonge, wenye vyote viwili, namba kubwa haimaanishi fenoli tupu.

Je, zambarau ikififia kwenye mrija, mwilini kunatokea nini? Jaribio halisemi. Flavonoidi za mlonge, ambazo ni aina ya fenoli, kama kwesetini, hubadilishwa na ukuta wa utumbo na ini, na kinachofika kwenye damu ni kidogo na si kilekile kilichokuwa kwenye mrija. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, na waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wasiopewa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti za vyakula, baada ya kuona namba hizo zikitumiwa vibaya na wauzaji.

Mama mmoja muuza unga wa mlonge aliwahi kuniletea kopo akitaka namba ya kubandika kwenye lebo. Nilipomweleza haya yote alinitazama, akasema, "Sasa mwanangu, nimepanda daladala mbili kuja kuambiwa hivyo?" Nilifungua kopo na kunusa, unga ulikuwa umepauka, wenye harufu ya nyasi kavu, na yeye mwenyewe akakiri kwamba aliuanika juu ya bati, juani. Tulikubaliana aanike kivulini, akaushe hadi jani livunjike likifikichwa, na kwenye lebo aandike tarehe ya kukausha. Wiki chache baadaye alileta kopo jingine. Lilikuwa kijani kibichi.