Doma ikivuja, silikoni si dawa

Watu wengi hapa Kisumu wanaamini doma, kale kadirisha kenye kapaa kake kametokeza juu ya mabati, ikivuja ni kupanda tu na silikoni uzibe. Hapana jameni. Mchana jua linachoma mabati yanatanuka, jioni mvua ya ziwa inakuja yanajikunja, silikoni inapasuka na maji yanaingia mbao polepole mpaka silingi inatoa madoa ya rangi ya chai.

Kinachozuia maji ni flashingi, ile bati imekunjwa pale ukuta wa doma unakutana na paa. Pembeni inapanda ukutani kama sentimita 15, nyuma ya plasta, mbele inalalia mabati, na kule nyuma lazima iingie CHINI ya bati la juu. Kwa shangazi yangu Kakamega fundi aliipachika juu ya bati, ilivuja msimu wa kwanza tu, niliona maji yakifuata msumari mpaka kwa rafta, ile mbao inayobeba paa.

Kabla ya mvua ya Machi toa majani kwa ile mifereji ya pembeni mwa doma. Na kama unaongeza doma kwa paa ya zamani, fundi asikate rafta kabla zile za pande zote mbili za shimo hazijaongezewa mbao zingine.