Leukemia ikimrudia mtoto sio lazima iwe ndio basi

Kuna hii kauli watu wanairudia miaka nenda rudi, eti leukemia (kansa ya damu) ikishamrudia mtoto hapo hakuna kitu tena. Zamani ilikaribia ukweli kwa watoto wengi, siku hizi hapana.

Kuna tiba inaitwa CAR-T, seli za kinga za mtoto mwenyewe zinafundishwa kuua kansa. Iko hivi, damu ya mtoto inapitishwa kwenye mashine inayochuja seli za kinga zinazoitwa seli T, damu iliyobaki inamrudia hapo hapo. Zile seli zinapelekwa maabara, zinapandikizwa jeni ya kuzifanya ziitambue CD19, alama iliyo juu ya seli B (seli za kinga zinazohusika na kutengeneza antibodi, protini za kupambana na vijidudu) zikiwemo zile za kansa, zinazalishwa ziwe mamilioni halafu anarudishiwa kwa dripu. Dripu yenyewe ni fasta tu, kusubiri ndio wiki kadhaa.

Emily Whitehead wa Marekani ilimrudia mara 2, akapewa tiba hii 2012 akiwa na miaka 6, homa ikapanda mpaka akawekwa ICU na mashine ya kupumulia, na kilichomtuliza ni dawa ya baridi yabisi, hebu fikiria! Akapona. Na ule uvumi kwamba alichomwa ukimwi sio kweli, kilichotumika kuingiza ile jeni kwenye seli zake kule maabara ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na HIV, kimeondolewa makali, kikabeba jeni tu.

Marekani waliidhinisha 2017. Ila ni kwa leukemia ya seli B, na kuna watoto inawarudia tena kwa sababu kansa inaificha CD19. Seli B zisizo na kansa nazo zinauawa, ndo maana wengine huendelea kuongezewa antibodi kwa muda mrefu.