Mkataba wa Paje, sheria ya Bara

Dhana: Tanzania ni moja, basi na sheria ya kazi ni moja.

Mikataba kadhaa ya hoteli niliyopata kuisoma, ya Paje na ya Kiwengwa huku Zanzibar, inaanza kwa kutaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hiyo ni ya Bara. Kazi na ajira hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na Zanzibar ina sheria zake: ya Ajira Namba 11, ya Uhusiano Kazini Namba 1, ya Usalama na Afya Kazini Namba 8, zote za 2005. Mara nyingi si ubaya wa roho. Makao makuu yako Dar es Salaam au Arusha, mtu wa rasilimali watu anatoa nakala ya mkataba wa kule, anabadilisha jina la hoteli, basi. Ugomvi ukitokea ndipo inapojulikana kuwa mkataba unamtuma mfanyakazi kwa chombo cha usuluhishi cha Bara.

Meneja mgeni naye huponzwa na hilo hilo. Ukaazi ni wa Uhamiaji, taasisi ya Muungano, lakini kibali cha kazi hutolewa na Zanzibar yenyewe. Alichokatiwa Arusha hakimfai Nungwi.

Dhana: Kanuni za maadili tunazo, kila mtu ametia saini, na hakuna aliyelalamika.

Hapa ndipo waajiri wengi wanapojidanganya, hasa waliotoka nje ya visiwa. Kijana wa jikoni anajua kuwa msimamizi wake anachota tipu za wenzake. Atasema? Msimamizi ni mume wa khalati yake, ndiye aliyemuingizia jina, na Ijumaa watakuwa safu moja msikitini. Anaona muhali. Anajua vyema lililo haki, ila ulimi hauendi: "Ntamwambiaje mtu mzima?" Muajiri anausoma ukimya ule kuwa ni salama.

Nilipowahi kufanya kazi mimi, sanduku la maoni lilitundikwa mlangoni pa msimamizi mwenyewe, kamera juu yake. Lilipofunguliwa mlikuwa na karatasi za pipi. Ripoti ya mwaka ikaandikwa: malalamiko, sifuri.

Muajiri anayetaka kujua kweli hutafuta mpokeaji wa malalamiko asiye na udugu na watu wa pale, mwanamke awepo pia, kwa sababu mambo ya kushikwashikwa hayasemwi kwa kila mtu. Na tipu zigawiwe kwa daftari lililo wazi, ili kijana asilazimike kumshitaki mume wa khalati yake.

Dhana: Wa msimu hana haki.

Kumwita mtu "wa msimu" hakumtoi kwenye sheria. Akiungua jikoni Agosti, ameungua kazini.

Dhana: Makato yakionekana kwenye slipu ya mshahara, mchango umefika.

Slipu inaonyesha pesa imetoka kwa mfanyakazi tu. Kama imefika ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulioanzishwa 1998, taarifa ya mwanachama ndiyo inayosema, na muajiri naye ana sehemu yake ya kuongeza juu ya ile aliyokata. Mwanachama anaweza kuiomba taarifa hiyo ofisi za mfuko, Unguja au Pemba. Wengi huenda mara ya kwanza wakishaachishwa kazi, wakati hoteli imeshabadilisha mwenyewe na jina.