Utosi mwekundu hautoshi kumtambua kinda wa kigong'ota

Makinda wa kigong'ota mkubwa (Dendrocopos major) wanapotoka viotani barani Ulaya, hasa mwezi Juni, wengi hudhaniwa ni kigong'ota wa kati (Dendrocoptes medius).

Dhana: Mwenye utosi mwekundu ni wa kati.
Ukweli: Makinda wa mkubwa, wa kike na wa kiume, nao wana utosi mwekundu. Chunguza pembezoni mwake. Wa mkubwa umezungukwa na ukingo mweusi. Wa kati hauna ukingo huo. Kisha fuata mstari mweusi chini ya shavu: kwa mkubwa unafika mdomoni, kwa wa kati unakatika kabla, na uso unabaki mweupe. Alama hizi mbili zikikubaliana, usitafute nyingine.

Dhana: Michirizi ya ubavuni inamaliza ubishi.
Baadhi ya makinda wa mkubwa wana michirizi hafifu, na wekundu wa chini ya mkia wao umefifia kuliko wa wazazi. Wa kati ana michirizi mingi juu ya rangi ya manjano. Ichukue kama ushahidi wa nyongeza tu.

Dhana: Wekundu wa utosini ni wa dume.
Hapana, huo ni umri. Dume mzima wa mkubwa ana wekundu kisogoni pekee. Jike mzima hana kabisa kichwani.

Dhana: Ukubwa wa mwili unatosha.
Mkubwa ana sentimita 23 hadi 26, wa kati 20 hadi 22. Ndege akiwa peke yake juu mtini, tofauti hiyo haipimiki kwa macho.

Dhana: Asiye na utepe mweusi nyuma ya shavu ni kigong'ota wa Syria (Dendrocopos syriacus).
Huu ndio mtego mgumu zaidi. Kwa wa Syria, weupe wa shavu unaendelea hadi shingoni bila kizuizi. Lakini utepe wa kinda wa mkubwa huweza kuwa hafifu au umekatika, kwa hiyo hamia mkiani. Manyoya ya pembeni ya mkubwa yana mabaka mapana meupe. Ya wa Syria ni meusi, yenye madoa machache. Mpige picha mfululizo anapotua, mkia ukiwa umetanuka. Wekundu kifuani humwunga mkono wa Syria. Spishi hizi mbili pia huzaana zinapokutana, kwa hiyo alama zikigongana andika "mkubwa au wa Syria", usilazimishe jina.