Hereni ya gegedu haizungushwi: dhana potofu kuhusu kutoga sikio la juu

Mtu akija na ukingo wa sikio umevimba na kinundu kimeota nyuma ya kipini, huulizwa kwanza analitunzaje. Jibu halibadiliki: "Naizungusha asubuhi na jioni isigande." Ameambiwa hivyo na mama, au na shangazi, au, jambo linalokera zaidi, na huyo huyo aliyemtoga. Kwa hiyo tuanze na hilo.

Dhana: Usipoizungusha hereni, itagandana na nyama

Hapana. Kipini cha titani, metali ngumu isiyopata kutu, kilichong'arishwa vizuri hakishikani na nyama. Kinachoshika ni ukoko, yaani majimaji ya kidonda yaliyokauka kuzunguka chuma, na ukoko huyeyuka kwa maji ya chumvi ya vuguvugu.

Ushauri wa kuzungusha una asili yake. Wengi wetu tulitogwa ndewe utotoni kwa sindano na uzi, uzi ukafungwa kitanzi, ukapakwa mafuta ya nazi na kuvutwa kidogo kila siku. Uzi hunyonya majimaji, hukauka na kung'ang'ania kidonda, ndiyo maana ulivutwa. Ndewe nayo ni nyama laini yenye damu ya kutosha, hustahimili usumbufu mwingi. Gegedu, ile sehemu ngumu inayonyumbulika ya sikio la juu, ni kitu kingine kabisa. Haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando mwembamba unaoifunika pande zote mbili. Ikijeruhiwa, msaada wa kuitibu hufika polepole.

Fuata kinachotokea ndani ya tundu. Ngozi mpya huanza kuota kwenye midomo miwili, wa mbele na wa nyuma, kisha husogea ndani kidogo kidogo hadi ikutane katikati na kuwa mrija kamili. Mrija huo ukiwa mchanga ni laini mno. Unapozungusha hereni, ukoko mgumu ulioshika chuma huingia tunduni na kuukwangua. Kidonda kinaanza upya, na vijidudu vya nje vinaingizwa hadi mahali ambapo damu haifiki kwa urahisi. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, halafu ushangae kwamba miezi minne imepita na bado sikio linauma!

Kuzungusha si kwa vidole tu. Hereni ndefu inayocheza, mtandio unaovutwa kwa haraka, helmeti ya bodaboda, msusi anayeivuta ngozi pembeni mwa sikio, na zaidi ya yote kulalia upande uliotogwa, vyote hufanya kazi ile ile ya kukwangua. Kulalia kuna madhara ya ziada: hupindisha kipini, tundu likapona likiwa limekaa mshazari. Tumia mto wa safarini wenye tundu katikati, sikio likae ndani ya tundu. Ukitoga masikio yote mawili kwa siku moja huna upande wa kulalia, kwa hiyo toga moja, lipone, ndipo urudi kwa la pili.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, na watu hulipuuza kuliko yote, ni kurudi kubadilishiwa kipini. Siku ya kwanza huwekwa kirefu kidogo, kwa kawaida milimita 8, ili uvimbe upate nafasi. Uvimbe ukipungua, baada ya wiki 4 hadi 8, kirefu hicho huanza kucheza na kunasa kwenye nywele. Rudi kwa aliyekutoga akuwekee kifupi, mara nyingi milimita 6. Vinundu vingi hutulia baada ya hatua hiyo peke yake, bila dawa yoyote.

Kusafisha ni kazi fupi. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha chachi safi kwa normal saline ya asilimia 0.9, yaani maji ya chumvi yasiyo na vijidudu yanayouzwa duka la dawa, ishikilie kwenye tundu mbele na nyuma kwa dakika mbili tatu, futa ukoko uliolainika, kisha kausha kwa chachi nyingine. Asubuhi na jioni, basi. Usitumie pamba, nyuzi zake hunasa kwenye kipini. Chupa ya saline ikishafunguliwa haiwi tasa tena, yaani vijidudu vinaweza kuingia, kwa hiyo usiitunze wiki nzima dirishani. Ukikosa kabisa, chemsha maji, pima mililita 250, tia robo kijiko cha chai cha chumvi isiyotiwa madini joto, na utengeneze upya kila siku. Kuzidisha chumvi hakuongezi nguvu, kunakausha ngozi na kuipasua.

Dhana: Bunduki ya kutogea haiumi, na ni salama kuliko sindano

Kinachosukumwa na bunduki ni ncha butu ya hereni yenyewe, kwa nguvu ya springi. Kwenye ndewe hupenya. Kwenye gegedu huponda, na inaweza kuutenganisha utando na gegedu iliyo chini yake, yaani kuikatia chakula. Sindano ya kutogea, yenye tundu ndani na unene wa milimita 1.2 au 1.0, hukata mpasuko safi na kutupwa baada ya mteja mmoja. Bunduki nyingi zina mwili wa plastiki usiostahimili mashine ya mvuke wa shinikizo ya nyuzi 121, kwa hiyo hupanguswa tu kwa spiriti. Halafu huja na kipini kifupi chenye kifungo cha kipepeo: uvimbe ukipanda, sikio linabanwa, na uchafu unajaa kwenye mikunjo ya kifungo.

Mwaka 2000 huko Oregon, Marekani, kibanda kimoja kilichotumia bunduki kilisababisha maambukizi 7 yaliyothibitishwa na mengine 18 yaliyoshukiwa, kati ya watu 118. Wanne walilazwa hospitali na baadhi masikio yao yaliharibika umbo. Bakteria waliosababisha maambukizi hayo walipatikana kwenye chupa ya dawa ya kuulia vijidudu iliyotumika pale. Muulize fundi wako kifaa anachotumia kabla hujakaa kitini.

Dhana: Kidonda kikitunga usaha, kunywa amoksisilini

Bakteria hatari zaidi kwa gegedu ni Pseudomonas aeruginosa, na amoksisilini haimuui. Hata wagonjwa wengi wa Oregon walianzishiwa dawa zisizomgusa. Daktari mara nyingi huchagua siprofloksasini au dawa nyingine inayomfikia, na uamuzi huo ni wake, usijinunulie. Dalili za kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo: sikio la juu limekuwa jekundu au limeiva rangi, lina joto, linauma hata kuligusa kidogo, uvimbe unaenea huku ndewe ikiwa salama, au una homa. Utando ukishambuliwa na usaha ukajikusanya chini yake, gegedu hufa na sikio hujikunja kabisa. Usiitoe hereni mwenyewe nyumbani, mwache daktari aamue.

Majimaji meupe au ya manjano mepesi yanayokauka kuwa ukoko si usaha. Hayo ni ya kawaida kwa miezi.

Dhana: Kila kinundu ni keloidi

Kinundu kinachotokea wiki chache baada ya kutoga, kikabaki palepale mdomoni mwa tundu, mara nyingi ni hasira ya kidonda: kipini kirefu, kulalia, kuzungusha. Ondoa chanzo, kipe wiki kadhaa. Keloidi, yaani kovu linaloota kupita kiasi, huchelewa, mara nyingi miezi kadhaa, huvuka mipaka ya tundu na haipungui yenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na kama mzazi au ndugu yako anayo, fikiri mara mbili kabla ya kutoga gegedu. Tiba yake ni ya daktari wa ngozi, kwa kawaida huanza na sindano za triamsinoloni, dawa ya aina ya steroidi. Kuikata tu bila tiba nyingine huirudisha, na pengine kubwa zaidi. Dawa ya meno, kitunguu saumu na aspirini iliyopondwa huunguza ngozi, basi.

Dhana: Spiriti na Dettol huharakisha kupona

Huua pia seli changa zinazojenga mrija. Acha.

Dhana: Fedha halisi ni salama kwa tundu jipya

Fedha huchafuka ikikutana na majimaji ya kidonda na inaweza kuacha doa la kudumu. Anza na titani ya kiwango cha ASTM F136, kile cha vipandikizi vya mwilini, au dhahabu ya karati 14 na kuendelea isiyo na nikeli.

Dhana: Wiki sita zikipita limepona

Hizo ni za ndewe, wiki 6 hadi 8. Gegedu huhitaji miezi 6 hadi 12, iwe ukingoni, kwenye bakuli la sikio au kwenye kijinyama kigumu kilicho mbele ya tundu la kusikia. Midomo ya tundu hupona kwanza, kwa hiyo nje linaonekana zima wakati katikati bado ni bichi. Ukiitoa hereni mwezi wa tatu kwa sababu ya usaili wa kazi, tundu laweza kuziba kabla hujarudi nyumbani, na njiti ya ufagio iliyozoeleka kuzibulia ndewe haitakiwi kabisa hapo, maana haiwezi kuuliwa vijidudu vyote. Kama kazini au shuleni hawaruhusu hereni, mwombe fundi akubadilishie kipini cha kioo kisicho na rangi, au subiri likizo ndefu ndipo utoge.