Uga wa umeme hauifyatui seli, unaipangia wakati

Juzi nimeulizwa tena: kama seli za neva huathiriana kwa uga wa umeme (nguvu ya umeme inayoenea kuzizunguka) bila sinapsi, yaani viungo ambavyo seli hizo hupashana ishara, je, mawazo yangu yanaweza kumfikia aliyeketi pembeni yangu? Hapana. Uga huo ukifika kwenye ngozi ya kichwa tunaupima kwa mikrovolti, tena elektrodi ikiwa imebandikwa hapo hapo kwa jeli. Hilo tuliache.

Linaloniuma zaidi ni kosa la wenzangu wa maabara, wanaosema uga ni moshi wa jikoni tu, mpishi ni sinapsi. Wanakuja na hesabu: uga wa milivolti 1 kwa milimita husogeza volteji ya utando wa seli kwa sehemu ndogo tu ya milivolti, ilhali seli iliyotulia huhitaji kama milivolti 15 kufika kwenye kizingiti, kiwango kinachoifanya ifyatuke, yaani itume mpigo wa umeme. Hesabu ni sahihi. Lakini nani kasema seli imetulia? Katika ubongo ulio kazini, sinapsi huisukuma seli mara kwa mara hadi ukingoni mwa kizingiti. Hapo sehemu hiyo ndogo huamua ifyatuke sasa hivi au milisekunde chache baadaye. Wavuvi wakikokota wavu, wimbo hauvuti. Mikono ndiyo inayovuta. Wimbo huipanga mikono ivute pamoja, na unatoka vinywani mwa wavutaji hao hao.

Mwaka 2011 mtafiti Anastassiou na wenzake walionyesha, katika vipande vya gamba la ubongo wa panya, kwamba hata uga usiofika milivolti 1 kwa milimita huifanya mipigo ya seli ifuate mdundo wake. Mwaka 2019 kundi la mtafiti Durand, huko Cleveland, Marekani, lilikikata kipande cha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Wimbi la polepole la umeme wa seli likavuka mkato pande mbili zilipokaribiana, likakoma zilipotenganishwa. Sinapsi gani huvuka pengo?

Uga huweza hata kunyamazisha: seli ya Mauthner, seli kubwa ya neva inayomsaidia samaki kukwepa hatari, huzuiwa hivyo, jambo linalojulikana tangu 1963.

Ila kipande kilicho kwenye sahani si mnyama. Miaka ya 1950 mtafiti Sperry aliwapachika paka vipande vya mika (madini yasiyopitisha umeme) kwenye gamba la ubongo la kuonea ili kuvuruga mikondo ya umeme, na bado walitofautisha maumbo vizuri. Paka wale hunisumbua. Pengine kutambua umbo hakuhitaji wakati sahihi kiasi hicho. Na kuuzima uga peke yake ndani ya mnyama hai ni kazi ngumu, maana unazalishwa na seli zile zile tunazotaka ziendelee kufyatuka.