Kabla hujaziamini wati za GaN, soma maandishi yaliyo chini ya grafu

Makala nyingi za mkutano wa BCICTS huishia kwenye jedwali la ulinganisho. Kikuza mawimbi cha mwandishi hukaa safu ya mwisho, kwa herufi nzito, na kwa bahati njema huwa kimevishinda vyote vilivyotangulia. Mkutano huu wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, ulianza 2018 kwa kuunganisha BCTM, uliokuwa wa transista za baipola, na CSICS, mrithi wa mkutano wa zamani wa saketi za galiamu asenidi. Indiamu fosfaidi na silikoni-jemani zina nafasi yake humo. Mimi hapa nashika galiamu nitraidi (GaN), nyenzo ya kutengenezea chipu za vikuza mawimbi, maana ndiyo inayochanganya wasomaji zaidi.

Anza na namna ya kupima. Ukiona palsi za maikrosekunde 100 kwa asilimia 10 ya muda, chipu imefanya kazi fungu moja na kupumzika mafungu tisa. Joto halijapata nafasi ya kujikusanya. Wewe unayetaka kurusha mawimbi bila kukatiza, piga hesabu upya. Chukua kikuza kinachotoa wati 20 kwa kulishwa wati 1, dreni (mguu wa transista unaolishwa umeme) ikiwa na volti 28 na ampea 1.2. Umeme unaoingia ni wati 33.6. PAE, ufanisi unaohesabu nguvu iliyoongezwa tu, ni (20 − 1) ÷ 33.6, yaani asilimia 56.5. Anayeandika asilimia 59.5 hajasema uongo: ametaja ufanisi wa dreni, usiopunguza ile wati 1 iliyoingia. Joto ni 33.6 + 1 − 20, wati 14.6. Kama ukinzani wa joto ni nyuzi 4 kwa wati, transista itapanda nyuzi 58 kupita kitako chake. Kitako cha maabara hushikiliwa nyuzi 25. Ndani ya boksi lililo juu ya mnara kinaweza kufika 85, na hapo umeshafika 143.

Halafu tazama vipimo vimechukuliwa wapi. Sindano zikigusa chipu moja kwa moja, upotevu wa waya, ubao na viunganishi haumo. Desibeli 0.3 kwenye njia ya kutokea zinaonekana ndogo, ila zinakula karibu asilimia 7 ya wati zako.

Wati zenyewe za kiwango gani? GaN huanza kulegea mapema na taratibu, hivyo nguvu ya mwisho inayotangazwa inaweza kuwa pale ukuzaji umeshashuka desibeli 5. Mawimbi ya OFDM, yale ya 4G, 5G na Wi-Fi, yana vilele vinavyopita wastani kwa desibeli 8 hadi 10, kwa hiyo utalazimika kukiendesha kikuza chini sana ya nguvu hiyo ya mwisho, ambako ufanisi huporomoka. Makala isiyoonyesha PAE ya eneo hilo haijakusaidia kuchagua chipu ya mawasiliano.

Kuna pia elektroni zinazonaswa kwenye kasoro za fuwele. Baada ya mawimbi makubwa kupita, mkondo wa utulivu, ule unaopita pasipo mawimbi, hushuka chini ya ulipokuwa, kisha hurudi polepole, pengine kwa milisekunde. Grafu iliyochorwa kwa mawimbi yasiyobadilika haiwezi kukuonyesha hili.

Chipu ikifika mezani, kumbuka kwamba transista nyingi za GaN za masafa ya redio hupitisha mkondo geti, mguu unaoudhibiti, likiwa volti 0. Ukitanguliza dreni umeiunguza. Weka geti −5 kwanza, na uipime kwenye ubao wenyewe, si kwenye kioo cha pawasaplai. Pandisha dreni hadi 28 huku ukitazama mkondo, ambao unapaswa kubaki karibu na sifuri. Kisha legeza geti, yaani lisogeze kuelekea 0, kidogo kidogo mpaka upate mkondo wa utulivu uliotajwa na mtengenezaji. Mawimbi huingia mwisho. Kuzima ni kinyume: mawimbi, geti irudi −5, dreni, subiri kapasita ziishiwe chaji, ndipo uondoe geti.

Mkondo ukiruka ghafla kabla hujaingiza mawimbi, acha kulegeza geti: kikuza kinajipigia mawimbi chenyewe. Mara nyingi chanzo ni waya mrefu wa dreni. Bandika kapasita ya pF 100 ikigusana kabisa na chipu, ya nF 10 nyuma yake, na ya µF 10 pale waya unapoingilia ubaoni.